Saa Tisa ya Wapi?

Tulipoombwa kuandika juu ya desturi moja ya hapa kwetu Ituri, wenzetu walidhani tutaleta habari za mahari, za ngoma au za matanga. Hayo wengine wameshayaandika, na vizuri kutushinda. Sisi tumechagua desturi ndogo ambayo hakuna hata anayeiita desturi: namna tunavyotaja saa. Mama anayeuza mandazi kando ya Boulevard de Libération anaitumia, prefe wa shule anaitumia, mtoto wa darasa la kwanza pia. Na kwa kuwa hatukuwa tumeifikiri vizuri, siku moja tulimtia mtu aibu mbele ya walimu wapatao arobaini. Itabidi tuyaeleze na hayo, hata kama hayatupendezi.

Hapa Bunia masomo huanza saa moja na nusu. Mwalimu akishaingia darasani anaandika ubaoni kwa Kifaransa, 7 h 30, na hakuna mtoto anayeuliza kwa nini moja imegeuka saba. Sisi tunafundisha hesabu na fizikia, na tumewahi kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu: "Mnafanya namna gani?" Wakacheka. Mmoja akajibu: "Mwalimu, tunajua tu." Ameongeza sita bila kujua kwamba ameongeza sita. Wazee wetu walipopata saa za mkono walikuwa na njia nyepesi zaidi: hawakusoma namba iliyo mbele ya mshale mfupi, walisoma ile inayoelekeana nayo upande wa pili. Mshale ukiwa kwenye tisa, wanasema saa tatu. Ukiwa kwenye mbili, wanasema saa nane. Jaribu mwenyewe, utaona haikosei hata mara moja.

Maana yake inajulikana. Sisi tunahesabu toka jua linapotoka, si toka katikati ya usiku wakati watu wamelala. Mstari wa ikweta unapita kusini kwetu, upande wa Butembo, kwa hiyo jua letu halina ujanja: mwaka mzima linatoka karibu wakati uleule na kuzama karibu wakati uleule. Mtu wa London hawezi kuhesabu hivyo. Kwake mwezi wa kumi na mbili jua hutoka baada ya saa mbili ya asubuhi yetu, na mwezi wa sita limeshatoka kabla ya saa kumi na moja ya alfajiri. Lakini watu wa pwani wanahesabu kama sisi, Waganda pia, Wanyarwanda na Warundi pia, hata Waethiopia ambao hawana Kiswahili.

Desturi hii ina nusu ya pili, nayo ndiyo iliyo ya maana kwa habari yetu. Saa ya Kiswahili haitajwi peke yake. Tunasema saa mbili ya asubuhi, saa tisa ya mchana, saa mbili ya usiku. Mgonjwa akifa usiku, anayetangaza hasemi tu "usiku wa Jumapili". Atasema "usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili", ili jamaa wa mbali asije akafika siku moja mbele au siku moja nyuma ya maziko. Na redio, tangu utoto wetu, ilitufundisha jambo la tatu. Kabla ya habari mtangazaji anasema: ni saa fulani Kinshasa, saa fulani Lubumbashi. Nchi yetu ina saa mbili. Kinshasa na mikoa ya magharibi iko mbele ya saa ya Greenwich kwa saa moja, sisi wa mashariki pamoja na Kasai na Katanga kwa saa mbili. Ukivuka tena mpaka kwenda Uganda, unakuta tatu. Wavuvi wa Kasenyi na Tchomia wanaotoka kwetu kwenda ng'ambo ya ziwa Albert wanajua kwamba katika safari ya maji wanapoteza saa moja, na wakirudi wanaiokota.

Tuseme kidogo juu ya Bunia yenyewe, kwa sababu hapa fizikia inatupa zawadi. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa masaa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja. Bunia iko kwenye nyuzi 30 na robo hivi mashariki ya Greenwich. Gawanya kwa 15: saa mbili na dakika moja. Yaani saa ya serikali na saa ya jua karibu zimelaliana, zinaachana dakika chache tu kufuatana na miezi. Kampala iko nyuzi 32 na nusu hivi, jua lingewapa saa mbili na dakika kumi, lakini serikali yao imechagua tatu. Ndiyo sababu mtu wa Bunia akilala Kampala anashangaa kuona saa kumi na mbili ya asubuhi bado kuna giza. Jirani zao wa Kenya waliwahi kuwa na saa mbili na dakika 45. Liberia walikaa nyuma ya Greenwich kwa dakika 44 na nusu hadi mwezi wa kwanza wa 1972. Na hiyo Liberia ilikuwa nchi pekee ya Afrika iliyokaa kwenye mkutano wa Washington wa mwezi wa kumi 1884, pale nchi 22 kati ya 25 zilipokubaliana kuanza kuhesabu toka Greenwich! Wafaransa hawakuunga mkono. Walikaa na saa ya Paris hadi 1911. Mwezi mmoja baada ya Washington, tarehe 15 Novemba 1884, ndipo ulifunguka ule mkutano mwingine wa Berlin ambao kila mwanafunzi wa Kongo anaujua. Saa ya dunia na ardhi yetu vilikatwa katika msimu mmoja, na sisi hatukuwepo mezani kwa vyote viwili.

Sasa tufike kwenye habari yenyewe.

Walimu wa shule yetu tuna mutualite ya kusaidiana. Kila mwezi mtu anatoa kidogo, na mwenzetu akifiwa au akiugua tunamtumia. Zamani pesa ilikwenda mkononi. Lakini tangu barabara ya taifa namba 27, ile ya kwenda Mahagi, ilipokuwa ya mashaka, pesa inakwenda kwa telefone. Mweka hazina wetu alikuwa mama mmoja mwalimu wa biolojia, mtu wa makini, aliyetutangulia kazini kwa miaka mingi. Kila alichofanya alikiandika kwenye kaye yake: tarehe, saa, kiasi, jina.

Mwanafunzi wetu wa zamani, aliyesomea informatiki huko Kampala, alitutengenezea programu ndogo ya kompyuta, bila malipo, kwa heshima tu. Programu ile ilikusanya mahali pamoja maandishi ya aina tatu: orodha inayotolewa na kampuni ya telefone, ujumbe alioupokea mtu aliyetumiwa pesa, na kaye ya mama. Iliyapanga kufuatana na saa, ili kila mwanachama aone pesa ilitoka lini na ilifika lini. Sisi ndio tulioipigia debe programu hiyo kwenye komite. Tulisema sasa mambo yatakuwa wazi kama maji ya chupa.

Jumanne tarehe 14 Machi 2023 mwenzetu alifiwa na mama yake huko Mahagi. Mweka hazina alimtumia ndugu ya mfiwa dola 300 kwa ajili ya sanduku na chakula cha wageni. Mwisho wa mwezi programu ikatoa karatasi. Kwa malipo hayo karatasi ilionyesha mistari mitatu:

kaye ya mweka hazina: 09:10
kampuni ya telefone, pesa imetoka: 14:10
mpokeaji, pesa imefika: 16:12

Msomaji umeshaona tulichokiona. Mama anaandika kwamba ametuma saa tatu ya asubuhi na dakika kumi. Pesa inatoka saa nane. Pesa ya telefone, ambayo huruka kwa dakika moja au mbili, inafika baada ya masaa mawili. Hiyo pesa ilikuwa wapi toka asubuhi hadi saa kumi? Wengine walishaanza kunong'ona kwamba mama ana meza sokoni, na dola 300 ni mtaji mzuri wa nusu siku. Tulitazama malipo mengine: yote yalikuwa hivyo. Kaye inatangulia, pesa inafuata baada ya masaa.

Katika mkutano mkuu tulisimama sisi, na karatasi mkononi. (Tunasema "sisi" kama tulivyofundishwa kuandika pale ISP, lakini siku hiyo aliyesimama alikuwa mtu mmoja, na kosa lilikuwa la mtu mmoja.) Tulisoma mistari ile mitatu kwa sauti ya darasani. Tukamaliza kwa kusema kwamba watu hukosea lakini mashine haina upendeleo. Mama alisimama. Hakulia, hakupiga kelele. Alisema: "Mwalimu, miye nilituma ile pesa saa tisa. Saa tisa ni saa tisa." Tukamjibu, na hapa ndipo tunapoona haya hadi leo: "Ndiyo Mama, hata karatasi inasema saa tisa. Tisa na dakika kumi. Ndiyo shida yenyewe." Watu wakacheka. Alitoa funguo za kasa kwenye mkoba wake, akaziweka mezani, akatoka. Katibu akaandika kwenye PV kwamba mweka hazina ameachishwa kazi hiyo kwa kutokueleza masaa.

Sisi, tunaosema saa tisa ya mchana kila siku ya Mungu, hatukusikia saa tisa ya mchana mama alipoisema mbele yetu. Tulikuwa na karatasi mkononi, na karatasi ilikuwa na 09.

Zilipita kama wiki sita. Mweka hazina mpya alikuwa kijana, mtu asiye na meza sokoni, na karatasi ya kwanza iliyotoka chini yake ilikuwa na aibu ileile. Tena kulikuwa na kioja zaidi: mwanachama mmoja aliyehamia Kinshasa alitoa mchango wake, na kwa karatasi yetu kijana alikuwa ameuandika masaa kabla mtu wa Kinshasa hajautuma. Tukakaa usiku tukipanga malipo yote ya miezi mitano. Tulipotoa orodha ya kampuni kwenye saa za wapokeaji wa Mahagi na wa Aru tulipata masaa mawili na dakika moja, masaa mawili na dakika tatu, masaa mawili na dakika mbili. Kwa wapokeaji wa hapa Bunia, saa moja na dakika chache. Hakuna hata mara moja tulipopata saa moja na nusu, au masaa matatu kasoro robo. Ndipo tukasimama toka kwenye kiti. Mwizi hana saa kamili. Anayezungusha pesa ya watu sokoni anairudisha akipata mteja, si baada ya masaa mawili bila kupungua.

Tulimwita yule mwanafunzi wetu. Alikuja na kompyuta yake, tukaomba atuonyeshe orodha ya kampuni jinsi ilivyofika, kabla programu haijaigusa. Kwa malipo ya 14 Machi ilikuwa imeandikwa hivi:

2023-03-14T14:10:00+01:00

"Na huu mkia ni nini?" tukauliza, tukionyesha +01:00. Akatazama chini. "Mwalimu, ulikuwa unanisumbua. Programu ilikuwa inakataa kusoma. Kwa hiyo nikaamuru ichukue alama 19 za kwanza na kutupa zinazobaki."

Basi mambo yote yalikuwa kwenye huo mkia. Namna hiyo ya kuandika tarehe na saa ni kanuni ya kimataifa ya tangu 1988, inaitwa ISO 8601: mwaka kwanza, kisha mwezi, siku, herufi T, saa, na mwishoni tofauti na saa ya dunia, ile inayoitwa UTC, mrithi wa saa ya Greenwich. Alama +01:00 maana yake ni: saa unayoisoma hapa iko mbele ya saa ya dunia kwa saa moja. Ni saa ya Kinshasa. Ikiandikwa Z badala ya mkia, maana yake ni saa ya dunia yenyewe bila kuongeza wala kupunguza. Kampuni ilikuwa imesema kweli, na imesema ni kweli ya wapi. Sisi tulikata neno "Kinshasa" tukabaki na "saa nane", kisha tukalipeleka hilo mahakamani.

Mpokeaji wa Mahagi naye? Ni mfanyabiashara, anavuka kila wiki pale Goli kwenda soko la Paidha, na telefone yake inakaa kwenye saa ya Uganda. 16:12 yake ni ya +03:00. Na kaye ya mama ilikuwa imeandikwa kwa mkono: "saa 9 na dak. 10 mchana". Aliyeiingiza kwenye kompyuta, mwanafunzi wa mwaka wa sita tuliyemchagua kwa mwandiko mzuri, aliandika 09:10 na kuacha neno "mchana" nje kwa sababu nafasi ya kuliandika haikuwepo.

Tukachukua chaki, kama tulivyozoea. Mchana wa Kiswahili unaongezwa sita: 9:10 inakuwa 15:10 ya Bunia, toa mbili, inakuwa 13:10 ya dunia. Kinshasa 14:10, toa moja, 13:10. Uganda 16:12, toa tatu, 13:12. Mama aliandika, pesa ikatoka, na dakika mbili baadaye ikafika. Namba zetu tatu zilikuwa dakika mbili tu za mchana mmoja, mama akiwa amekaa kwenye chumba cha walimu baada ya masomo, na sisi pengine tulikuwa chumba kilekile.

Kijana akataka kurekebisha palepale, na ajali yake ya kwanza inafaa kuelezwa maana wengi huangukia humo. Aliona plus, akajumlisha. 14:10 jumlisha 1 ni 15:10, saa ya Bunia kamili! Tukafurahi, tukafikiri imekwisha. Kumbe ilikuwa bahati tu. Alipofanya vilevile kwa mpokeaji wa Mahagi, 16:12 jumlisha 3, alipata saa moja ya usiku. Plus ya kwenye mkia haikuamuru kujumlisha. Inasema tu kwamba mahali pale pametangulia. Ukitaka kurudi kwenye saa ya dunia unapunguza. Na walio nyuma, kama New York yenye -05:00 wakati wa baridi, unawaongezea. Kuna hata orodha fulani ya kompyuta ambamo alama imegeuzwa, Etc/GMT-2 ikimaanisha mahali palipotangulia kwa saa mbili kama hapa kwetu. Tulipoambiwa hilo tulidhani kijana anatutania. Na usifikiri mikia yote ni ya saa kamili: India ni +05:30, Nepal +05:45. Wengine wanaandika +0200 bila nukta mbili. Programu inayotegemea kukata kwa kuhesabu alama itaangushwa na kila mmoja wa hao.

Jambo gumu zaidi ni saa zisizo na mkia, kama zile za ujumbe wa telefone. Hapo kijana alizoea kuiachia kompyuta ijaze yenyewe. Lakini kompyuta ikikosa mkia inadhani saa ni ya pale ilipo. Ya kwake bado ilikuwa imefungwa kwenye saa ya Kampala, ya shule kwenye saa ya Lubumbashi, na faili moja ilitoa saa mbili tofauti kwenye mashine mbili juu ya meza moja. Tulikubaliana kwamba saa isiyo na mahali programu isiipokee kabisa. Imuulize mtu: ya wapi?

Usiku ulitupa kazi zaidi. Mama alikuwa ameandika: "Jumamosi, saa 7 usiku", siku mtoto wa mwenzetu alipopelekwa hospitali kwa haraka. Kwa usiku wa Kiswahili unaongeza 18, si sita. Saba jumlisha 18 ni 25, yaani saa moja ya siku inayofuata. Kwa mama bado ilikuwa Jumamosi kwa kuwa hakuwa amelala. Kwa kompyuta ilikuwa Jumapili. Kwa saa ya dunia bado Jumamosi, saa 23:00. Tulimwambia kijana aandike kwenye programu yake maneno ya matangazo ya msiba: kuamkia. Ameyaandika. Sasa ukiingiza saa ya usiku inakuuliza, usiku wa kuamkia siku gani?

Kuna swali ambalo wasomaji wa hesabu watauliza: kwa nini tusiandike tu +02:00 kwa Bunia na kumaliza? Kwa jambo lililokwisha kupita, inatosha. Kwa jambo linalokuja, haitoshi, kwa sababu serikali hubadilisha saa. Jirani zetu wa Sudan Kusini walikuwa na saa tatu kama Uganda. Tarehe 1 Februari 2021 walirudi kwenye mbili kama sisi. Aliyekuwa amepanga mapema mkutano wa Juba wa mwezi wa tatu kwa +03:00 alijikuta yuko nje kwa saa nzima. Ndiyo sababu kompyuta nyingi za dunia zinatumia orodha ya majina ya miji badala ya namba tupu. Mmarekani Arthur David Olson aliianzisha katika miaka ya 1980, Paul Eggert akaitunza kwa muda mrefu, na tangu 2011 iko chini ya IANA. Humo Kongo ina majina mawili tu, Kinshasa na Lubumbashi. Ukitafuta Bunia hutaipata. Unachagua Lubumbashi, na ukichungulia ndani zaidi utakuta Lubumbashi yenyewe imeelekezwa kwa Maputo ya Msumbiji, na Kinshasa kwa Lagos ya Nigeria, kwa sababu saa zao zinafanana. Hatuna hasira na hilo. Lakini wakati mwingine, tukiweka saa ya kompyuta ya shule, tunamwambia mwanafunzi aliye karibu: "Chagua Lubumbashi, ujue ni Bunia."

Programu ilirekebishwa kwa siku nne. Lililobaki halikuwa la programu.

Tulikwenda kwa mama nyumbani kwake Mudzipela, sisi na prefe, Jumapili baada ya misa. Alitupokea vizuri, akaleta chai na karanga. Tulimweleza yote, tukachora hata zile saa tatu kwenye karatasi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Kwa hiyo saa tisa yangu ilikuwa saa tisa." Tukasema ndiyo, Mama. Tukamwomba arudi kushika kasa. Alikataa, kwa adabu, kama mtu anayekataa chakula akiwa ameshiba. Alisema tulichokisema kilisemwa mbele ya watu, na nyumbani kwake hakukuwa na watu.

Basi ukaitwa mkutano mkuu mwingine. Tulisimama palepale tuliposimama mara ya kwanza. Tulisoma mistari ileile mitatu, safari hii na mikia yake, na tukaomba msamaha. Walimu walipiga makofi, wengine walikuja kumkumbatia. Mama alingoja makofi yaishe. Hakuwa na mengi. Alimgeukia katibu, ambaye alikuwa ameshafunika kalamu yake, akamwambia kwamba kwa kuwa aliachishwa kwenye PV, na kusafishwa kuandikwe kwenye PV.

Katibu akafungua kalamu. Akaandika tarehe, akaandika saa kumi na dakika ishirini, akataka kuendelea.

"Ya wapi?" mama akauliza.

Akaandika: ya jioni, ya Bunia.